Zahanati na Wenyewe

Msomaji mpenzi, watu wa visiwa vya pwani, walipotazama ng'ambo ya maji, waliona nchi kavu isiyo na mwisho wakaiita bara. Na mtu aliyevuka kwenda huko walisema amekwenda barani. Katika insha hii Barani ni ile nchi ya pwani ya Kenya tangu Kilifi hata Malindi, pamoja na vijiji vilivyo nyuma yake. Mbele yake ni bahari na minazi. Katikati ni mikorosho na mashamba ya mahindi na mihogo. Na nyuma zaidi ni nchi kame ya Ganze na Bamba, ambako mvua ni kama mgeni, huja akitaka na huondoka bila kuaga. Nataka kukusimulia habari moja ya nchi hii ambayo haisimuliwi sana katika masomo ya historia. Si habari ya wafalme wala ya vita. Ni habari ya mtu mgonjwa asiye na fedha, na njia iliyo kati yake na dawa.

Habari hii ina mwanzo wa zamani. Mwezi wa Januari mwaka 1499 merikebu za Vasco da Gama ziliwasili Malindi zikitoka Bara Hindi. Zilikuwa zimekaa baharini karibu miezi mitatu. Mabaharia thelathini walikuwa wamekufa njiani, na wengi waliosalia walikuwa na kiseyeye: fizi zimevimba, viungo vimelegea, na nguvu ya kuvuta kamba hawana. Walichokitamani kupita kitu chochote ni machungwa. Yaliletwa kutoka pwani, pamoja na matunda mengine. Lakini wengi walikuwa wamekwisha kuchelewa, wakafa pale pale mbele ya mji. Fikiri, msomaji. Dawa ilikuwapo, nayo ilikuwa tunda tu, lililoning'inia juu ya mti katika bustani za Malindi. Kilichowaua watu wale ni umbali wa safari na kuchelewa kwa msaada.

Tangu siku ile hata leo mgonjwa wa Barani amezuiwa na kuta tatu. Ukuta wa kwanza ni umbali. Wa pili ni bei. Wa tatu hauonekani kwa macho, nao ni kutoaminiana kati ya mwenye dawa na mwenye ugonjwa. Nia yangu ni kukuonyesha jinsi kuta hizo zilivyojengwa, na jinsi zilivyoanza kubomolewa. Na utaona kwamba hazikubomolewa na serikali peke yake, wala na madaktari peke yao, wala na wanakijiji peke yao. Kila mmoja alipojaribu peke yake ukuta ulimshinda.

Usidhani kwamba kabla ya hospitali watu wa Barani walikaa wakingoja kufa. Miji ya Waswahili ilikuwa na matabibu wake, waliojua mitishamba na kusoma dua. Wamijikenda, yaani Wagiriama, Wachonyi, Wakauma, Wakambe, Wajibana, Waribe na Warabai wa upande huu, pamoja na ndugu zao Waduruma na Wadigo wa kusini, walikuwa na waganga wao na misitu yao ya kaya. Tena walikuwa na mweria, ambayo ni desturi ya kusaidiana kazi kwa zamu: leo shamba lako, kesho langu. Maradhi hayakuwa jambo la mtu mmoja. Yalikuwa jambo la mlango mzima na majirani zake. Neno hili ulishike vizuri, maana tutalirudia.

Lakini kulikuwako maradhi yaliyoshinda hekima ya kila mtu, na kubwa lao lilikuwa homa ya malaria. Homa haikuchagua rangi wala dini. Mwaka 1844 mmisionari Mjerumani, Ludwig Krapf, alifika Mombasa pamoja na mkewe Rosine. Mwaka ule ule homa ikamwua mke, na mtoto wao mchanga naye akafa. Krapf hakurudi kwao. Mwaka 1846 yeye na mwenzake Johannes Rebmann walianzisha misheni Rabai, juu ya vilima vya Wamijikenda. Hapakuwa na mtu duniani aliyejua homa ile inatoka wapi. Ilipita nusu karne kabla ya Ronald Ross, mwaka 1897, kuona vijidudu vya malaria ndani ya tumbo la mbu.

Misheni zilifuatwa na dawa. Wamisionari wa Kianglikana walijenga hospitali ya St. Luke's huko Kaloleni, ambayo ingali ikitibu watu mpaka sasa. Serikali ya kikoloni nayo ilijenga hospitali katika miji na vituo vya watawala. Kwa mtu wa mjini jambo hili lilikuwa jema. Lakini mtu wa Bamba au wa Ganze ilimpasa kubebwa kitandani mabegani mwa watu, au kungoja gari ambalo huenda lisije. Na akifika Kilifi kutoka upande wa kusini ilimpasa tena kuvuka hori kwa kivuko. Daraja la Kilifi halikufunguliwa mpaka mwaka 1991. Basi kwa miaka mingi homa ya mtoto ilikuwa inashindana mbio na kivuko, na kivuko hakina haraka.

Ukuta wa kutoaminiana nao ulijengwa wakati huo. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwaamsha Wagiriama wakatae kupelekwa kazini kwa nguvu na kutozwa kodi. Mwaka 1914 serikali iliivunja Kaya Fungo kwa baruti, ikachoma nyumba na kutoza faini ya mbuzi. Si ajabu kwamba watu walioona mkono wa serikali umeshika kiberiti hawakuharakisha kuunyoshea mkono wao ule ule uliposhika sindano. Mwalimu wa historia asiyekumbusha jambo hili atawalaumu wazee wetu bure, akisema walikataa hospitali kwa ujinga. Hawakuwa wajinga, walikuwa na kumbukumbu.

Hata hivyo, katika zama zile zile twaona mbegu ya jambo jipya. Mwaka 1924 sheria iliruhusu kuundwa kwa mabaraza ya wenyeji katika wilaya za Kenya. Mabaraza haya yalikuwa chini ya mkuu wa wilaya, wala hayakuwa na uhuru mkubwa. Walakini yalipewa ruhusa ya kutoza ushuru mdogo, na fedha zake zikajenga shule na zahanati. Kwa mara ya kwanza katika utawala ule mwanakijiji aliweza kusema, "Senti yangu imo katika ukuta huu." Zahanati ilikuwa ndogo, dawa zake chache, lakini ilikuwa na wenyewe.

Kenya ilipopata uhuru, tarehe 12 Desemba 1963, Mzee Jomo Kenyatta aliwaambia watu wake neno la wapagazi na wavuvi wavutao pamoja: harambee. Maadui watatu wakatangazwa, ujinga, maradhi na umaskini. Mwaka 1965 serikali iliondoa ada waliyokuwa wakilipa wagonjwa wasiolazwa. Nchi nzima watu walichanga fedha, wakafyatua matofali, wakajenga zahanati kwa mikono yao, kisha wakaiomba serikali ilete nesi na dawa. Mwaka 1966 ukaanzishwa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Hospitali. Bima, msomaji, si kitu kigeni kama jina lake lilivyo. Ni mweria wa fedha: wengi wenye afya huweka akiba kila mwezi, na mmoja akiugua akiba ile humtibu. Lakini mfuko ule ulikatwa katika mshahara, na kwa hiyo ulimfaa mwenye mshahara. Mvuvi wa Mayungu, mgema wa Chonyi, na mama apandaye mahindi Magarini hawakuwa na karatasi ya mshahara ya kukatwa. Hata walipofunguliwa mlango wa kujiandikisha kwa hiari, wengi hawakuingia, maana atakayelipa kila mwezi sharti apate kila mwezi, nao mapato yao huja na msimu, huondoka na msimu.

Tena mwaka 1970 serikali kuu ilichukua zahanati na vituo vya afya kutoka mikononi mwa mabaraza ya wilaya. Nia ilikuwa njema, maana mabaraza mengi yalikuwa maskini. Lakini kwa kufanya hivyo zahanati ilipoteza wenyewe wa karibu. Paa likivuja, aliyeweza kuamuru litengenezwe alikuwa Nairobi. Na barua ya kwenda Nairobi ilichukua muda mrefu kuliko masika.

Dunia nayo ilikuwa imeanza kuliona kosa hili. Mwezi wa Septemba 1978 wajumbe wa mataifa walikutana katika mji wa Alma-Ata, ambao siku hizi huitwa Almaty, katika nchi ya Kazakhstan. Wakatangaza kwamba afya haianzi hospitalini. Huanza nyumbani na kijijini, katika maji safi, chanjo, chakula na elimu. Na kwamba wanakijiji wana haki na wajibu wa kushiriki katika kuipanga. Maneno haya yalikuwa mazuri. Lakini miaka michache baadaye nchi nyingi za Afrika zilijikuta zimezama katika madeni, na mashauri yaliyokuja pamoja na mikopo yalisema: mgonjwa naye alipe. Desemba 1989 Kenya ilirudisha ada hospitalini na katika vituo vya afya, ikaita mpango huo kushirikiana gharama. Wagonjwa wakapungua milangoni. Septemba 1990 ada za wasiolazwa zikasimamishwa, kisha tangu mwaka 1992 zikarudishwa polepole.

Hapa niruhusu, msomaji, nikwambie niliyoyaona mwenyewe, maana nilizaliwa na kukulia katika miaka hiyo. Usiku mmoja ndugu yangu mdogo alishikwa na homa. Mama alifungua pindo la leso yake, akahesabu fedha zilizokuwamo, akazihesabu tena kana kwamba zingeongezeka. Zilitosha kwenda zahanati lakini hazikutosha kulipia kilichokuwa kikitozwa huko, na hata daftari la kuandikiwa dawa ilibidi kununua. Basi alipopambazukiwa hakwenda zahanati. Alikwenda dukani, akanunua vidonge viwili vya homa, akampa mtoto kimoja asubuhi na kimoja jioni. Ndugu yangu alipona. Mtoto wa jirani yetu, aliyeugua juma lile lile akanunuliwa vidonge katika duka lile lile, hakupona. Nimekuwa mwalimu, na sasa nafundisha wale watakaokuwa walimu. Lakini hesabu iliyofanywa usiku ule juu ya mkeka ndiyo hesabu ngumu kuliko zote nilizopata kuziona.

Kwa miaka mingi nilidhani kosa lilikuwa la mama, au la mwenye duka. Nilipokua nikasoma, nikajua kwamba wazazi wengi wa Kilifi walikuwa wakifanya vivyo hivyo, na kwamba walikuwako watu waliolitazama jambo hili bila kulaumu mtu. Mwaka 1989, mwaka ule ule wa ada, Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, ambayo watu huiita KEMRI, pamoja na shirika la Wellcome la Uingereza, walianzisha kituo cha utafiti kando ya hospitali ya wilaya ya Kilifi. Hapo mambo matatu yalifanyika, nayo ndiyo kiini cha insha hii.

La kwanza ni habari ya wenye maduka. Watafiti waligundua kwamba mtoto akipata homa, wazazi wengi huanzia dukani. Wangaliweza kusema, "Maduka yafungwe, dawa ni kazi ya daktari." Lakini duka lilikuwa karibu kuliko zahanati, mlango wake ulikuwa wazi hata usiku, na mwenye duka alikopesha. Basi badala ya kumfukuza mwenye duka wakamketisha darasani. Wenye maduka wa vijijini walifundishwa dawa ipi ni ya malaria, mtoto wa umri gani apewe vidonge vingapi na kwa siku ngapi, na dalili zipi zatosha kumwambia mama, "Usinunue kitu hapa, mkimbize hospitali." Walipewa chati za vipimo za kutundika ukutani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1999. Kabla ya mafunzo, katika kila homa mia za watoto, ni karibu nne tu zilizotibiwa kwa klorokwini ya kutosha. Baada ya mafunzo zilifika sitini na tano na zaidi. Dawa ilikuwa ile ile, na duka lile lile. Kilichoongezeka ni ujuzi tu. Klorokwini yenyewe ilikuja kushindwa na vijidudu, na Kenya imekwisha kuiacha kwa dawa nyingine; lakini somo la duka halikuchakaa.

La pili ni habari ya chandarua. Mapema katika miaka ya 1990 vijiji vya Kilifi viligawanywa katika makundi mawili kwa kura: vingine vikapewa vyandarua vilivyotiwa dawa ya kuua mbu, vingine vikangoja. Matokeo yalipotangazwa mwaka 1996, ulimwengu wote ulisikia jina la Kilifi. Katika vijiji vilivyopata vyandarua, vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa theluthi moja, na watoto waliolazwa kwa malaria kali walipungua kwa asilimia 44. Huenda ukasema kwamba hadithi imekwisha, dawa imepatikana. La, haikwisha. Zamani zile chandarua kilihitaji kutiwa dawa upya kila baada ya miezi kadhaa. Majaribio yalipomalizika, na watu wakaombwa kulipia kutiwa dawa huko, waliokuja wakapungua vibaya sana. Hawakuwa wamesahau mbu. Walikuwa wakifanya ile hesabu ya pindo la leso. Mwaka 2006 serikali na wafadhili waligawa vyandarua milioni 3.4 nchini Kenya bila malipo, na hapo watoto wa maskini nao wakalala ndani ya neti. Katika hospitali ya Kilifi, watoto waliolazwa kwa malaria walikuwa zaidi ya 18 katika kila watoto elfu wa eneo lile mwaka 2003. Mwaka 2007 walikuwa hawazidi wanne. Wataalamu husema chandarua hakikufanya kazi hiyo peke yake, maana malaria ilikuwa imeanza kushuka mapema. Nami nakwambia hivyo ili ujue kwamba mwanahistoria hapaswi kumpa shujaa mmoja sifa za jeshi zima.

Angalia, basi, mambo haya mawili yanavyosemezana. Habari ya duka yatufundisha kwamba wanakijiji wakipewa ujuzi huweza mengi. Habari ya chandarua yatufundisha kwamba ushirikiano haumaanishi kumtwisha maskini gharama. Yako maneno mawili yanayofanana kwa sauti lakini kwa maana ni kama maji na mafuta: kushirikiana kazi, na kusukumiana mzigo. Mpango wa mwaka 1989 uliitwa kushirikiana, lakini mama yangu hakushirikishwa neno lolote ila bei.

La tatu ni habari ya kamati za zahanati. Mwaka 2004 serikali ilipunguza ada: shilingi 10 kwa zahanati na shilingi 20 kwa kituo cha afya, na watoto walio chini ya miaka mitano wasilipe. Maskini wakafurahi, lakini zahanati zikaingia katika shida, maana zile ada ndizo zilizokuwa zikimlipa mfagizi na kununua mafuta ya taa na sabuni. Kwa hiyo tangu mwaka 2005 jaribio lilianzishwa katika Mkoa wa Pwani, kwa fedha zilizotolewa na Denmark. Badala ya fedha kupita ofisi nyingi na kupungua kila zinapopita, zilipelekwa moja kwa moja katika akaunti ya benki ya zahanati yenyewe. Na waliozisimamia walikuwa kamati ya wanakijiji waliochaguliwa, pamoja na nesi mkuu wa zahanati. Kamati ilikaa chini ya mwembe au katika chumba cha kungojea, ikaamua: mwezi huu tutengeneze tangi la maji, mwezi ujao tulipe nauli ya nesi apeleke chanjo kijiji cha mbali. Paa likivuja sasa halikungoja barua kutoka Nairobi.

Usitarajie nikwambie kwamba kila kitu kilikwenda sawa. Waliolichunguza jaribio lile waliona kwamba zahanati zilipata nguvu mpya, na watumishi wakapata moyo. Lakini waliona pia kwamba wanakijiji wengi hawakujua kuwa fedha zipo, wala kamati ni ya nani, na kwamba pengine wagonjwa walitozwa zaidi ya ada iliyowekwa. Kamati isiyojulikana na watu ni kama jahazi lililofungwa gatini usiku: lina tanga na lina usukani, lakini halimchukui mtu. Hata hivyo mpango ulionekana kuwa na manufaa makubwa kuliko kasoro zake, na mwaka 2010 ukaanza kuenezwa nchi nzima. Barani palikuwa shule, na Kenya nzima ikaja kusoma.

Bado ukuta wa tatu, ule usioonekana. Watafiti wa Kilifi walichukua damu ya watoto ili kuipima. Na mahali damu ichukuliwapo uvumi huota kama magugu. Watu walinong'ona kwamba damu inauzwa, na kwamba wageni wale wana mambo ya siri. Unakumbuka mwaka 1914? Kumbukumbu ya watu ni ndefu. Uvumi huu haukuvunjwa kwa amri. Ulianza kupungua wanakijiji walipochagua wawakilishi wao wenyewe wa kukutana na watafiti, kuuliza, kulaumu, na kurudisha majibu kijijini. Tangu mwaka 2000 nyumba za eneo la kilomita za mraba 891 zimekuwa zikitembelewa mara kwa mara ili kuandika waliozaliwa, waliokufa na waliohama. Kazi hiyo yahitaji mlango wa kila nyumba ufunguliwe kwa hiari. Mlango wa Mgiriama haufunguliwi kwa barua yenye muhuri. Hufunguliwa kwa kupiga hodi na kujulikana.

Katiba ya mwaka 2010 ilirudisha huduma nyingi za afya kwa serikali za kaunti, nazo zilianza kazi mwaka 2013. Mwaka huo huo ada za zahanati na vituo vya afya ziliondolewa, na kujifungua katika hospitali za serikali kukawa bila malipo. Hivyo mamlaka yaliyopelekwa Nairobi mwaka 1970 yalirudi Kilifi, baada ya miaka arobaini na mitatu. Mwezi wa Septemba 2023 wahamasishaji wa afya wa kijiji zaidi ya laki moja walipewa mikoba ya vifaa. Kila mmoja atazame nyumba zipatazo mia moja, apime, ashauri, na kuwapeleka wagonjwa zahanati. Na tarehe 1 Oktoba 2024 Bima ya Afya ya Jamii ilishika mahali pa ule mfuko wa zamani wa mwaka 1966. Kwa sheria mpya kila mkazi wa Kenya yampasa kujiandikisha. Matibabu ya zahanati na vituo vya afya hulipiwa na serikali. Na asiye na mshahara hukadiriwa kulingana na uwezo wa nyumba yake, mchango usipungue shilingi 300 kwa mwezi, ili atibiwe na katika hospitali kubwa.

Je, ukuta wa bei umeanguka? Umepungua kimo, lakini haujaanguka. Shilingi 300 kwa mwezi si nyingi kwa mwalimu kama mimi. Kwa mgema aliyeanguka mnazi mwezi uliopita, au kwa mvuvi wakati wa kusi bahari ichafukapo, ni swali la leso tena. Wala kujiandikisha si kutibiwa. Zahanati isiyo na dawa ni bure kwa kila mtu, kwa maana zote mbili za neno hilo. Historia niliyokusimulia haitupi ruhusa ya kushangilia. Yatupa kipimo. Likija jambo jipya la afya tuliulize maswali matatu: Je, limekuja karibu? Je, asiye na kitu ataliweza? Je, wanakijiji wana sauti ndani yake? Jambo likijibu maswali mawili tu, historia ya Barani yaonyesha kwamba halitadumu.

Nawe, kijana usomaye, huenda wasema, "Mimi ni mwanafunzi, haya ni mambo ya wazee." Nakukatalia. Iko zahanati karibu na nyumba yenu, na huenda ina kamati. Likizo ijayo nenda ukaamkie, kisha uulize kwa heshima: Kamati ni akina nani? Walichaguliwa lini? Hesabu ya fedha za mwaka huu imebandikwa wapi? Hukatazwi kuuliza, zahanati ni ya baba yako na mama yako, na jirani zako. Tena wewe umejifunza kusoma na kuhesabu, jambo ambalo wengi waliolipa ule ushuru wa mabaraza hawakupata. Bibi yako asiyejua kujiandikisha, wewe wajua. Mama mwenye chati ya vipimo mbele yake asiyeweza kuisoma, wewe waweza kumsomea.

Wale mabaharia wa mwaka 1499 walikufa mbele ya bustani za machungwa. Mtoto wa jirani yetu alikufa akiwa amekwisha kumeza kidonge kilichotakiwa, ila hakikutosha, na hapakuwa na mtu wa kumwambia mama yake hivyo. Ndugu yangu yu hai. Ana watoto wawili, nao hulala ndani ya neti. Kila nimwonapo nakumbuka kwamba kati yake na yule mwingine hapakuwa na tofauti ya akili, wala ya upendo wa mama, wala ya haki. Palikuwa na bahati tu. Kazi ya zahanati, na ya kamati, na ya bima, na ya mwenye duka aliyefundishwa, ni moja: uhai wa mtoto usiwe tena jambo la bahati.